Je, Mnunuzi wa Gari Lililotumika Amtafute Mmiliki wa Awali?

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hukutana na dalali au mwenye yadi tu, wala hawamfahamu aliyekuwa akiliendesha gari hilo. Je, yafaa kumtafuta? Ndiyo, pale inapowezekana, na kabla ya kulipa. Hata hivyo, maelezo yake ni nyongeza ya ukaguzi, si mbadala wake.

Sababu ya kumtafuta

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutaja jina la mmiliki, namba ya chasisi na namba ya injini. Haisemi kama gari liliwahi kupinduka au kuzama katika mafuriko. Hayo huyajua aliyelitumia.

Muhimu zaidi, endapo jina lililo kwenye kadi si la anayekuuzia, mwenye jina hilo ndiye awezaye kuthibitisha kwamba ameridhia mauzo. Chukua mfano wa gari lililowekwa dhamana ya mkopo. Mnunuzi asiyeuliza anaweza kulipa akiba yake yote, kisha mkopeshaji akaja kulidai gari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji awe na haki ya kuuza. Lakini kudai fedha mahakamani huhitaji muda na gharama, na dalali huenda asipatikane tena.

Maswali ya kumwuliza

1. Ulilimiliki kwa muda gani, na kwa nini uliliuza?
2. Liliwahi kugongwa, kupinduka au kuingiwa na maji?
3. Injini iliwahi kubadilishwa? Namba mpya imeandikwa kwenye kadi?
4. Mafuta ya giaboksi na mkanda wa taiming vilibadilishwa lini, odometa ikisoma ngapi?
5. Fundi wake ni nani, na stakabadhi zipo?
6. Lina mkopo, deni au shauri lolote?

Namna ya kumtafuta

Mwombe muuzaji akuunganishe naye kwa ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hulinda taarifa za kila mtu. Usitafute namba yake ya simu kwa njia za kificho. Asipotaka kuzungumza, usimsumbue.

Jihadhari pia na "mmiliki" wa kupangwa. Linganisha jina lililo kwenye kadi na kitambulisho chake cha Taifa, na ikiwezekana muonane ana kwa ana.

Mipaka ya maelezo yake

Mmiliki wa awali anaweza kusahau au kuficha. Kwa hiyo lipeleke gari kwa fundi uliyemchagua mwenyewe, hakiki kadi TRA, na uulize Polisi wa Usalama Barabarani kama lina faini. Kwa gari lililoingizwa karibuni kutoka Japani, mmiliki wa huko ni vigumu kumpata. Badala yake omba hati ya usafirishaji iliyotolewa nchini humo, ulinganishe namba ya chasisi na kilomita zilizoandikwa.

Baada ya kununua, malalamiko hupelekwa kwa aliyekuuzia, si kwa mmiliki wa awali ambaye hamkuwa na mkataba.

Kumbuka

Muuzaji kushindwa kukuunganisha na mmiliki si uthibitisho wa ulaghai. Lakini akikataa umwone mmiliki, akakataa fundi wako, na bado akakuharakisha kulipa, usilipe hata malipo ya awali. Gari jingine litapatikana.