Kumfinyanga Jahili: Mwanasesere wa Viungo na Somo la Uhusika

Utangulizi

Katika vyuo vingi mada ya uhusika hufundishwa kwa orodha. Mwanafunzi hutakiwa ataje sifa za mhusika, aziambatanishe na mifano kutoka kwenye matini, na kazi huishia hapo. Mhusika mkuu hupata kurasa tatu. Jahili, hasa yule mdogo anayejitokeza mara moja na kutoweka, hupata sentensi mbili: ni katili, tena ni mlafi. Makala haya yanapendekeza njia nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kudhaniwa kuwa mchezo wa watoto. Mwanafunzi amuunde jahili huyo kwa mikono yake, awe mwanasesere mwenye viungo vinavyokunjika, kisha atetee kila kiungo kwa ushahidi wa matini. Mifano imechukuliwa Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mahali ambapo malighafi ni tele na majahili si haba.

Jina la kitu

Kiswahili hakina upungufu wa majina katika uwanja huu. Kina wingi unaohitaji kupambanuliwa. Sanamu ni jina pana, na hutumika hata kwa kitu kisichosogea kamwe. Kinyago kimefungamana na uchongaji wa miti na ngoma za jando. Kikaragosi, neno linalohusishwa na Karagöz, yule mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki, hudokeza kitu kinachochezeshwa na mtu aliyejificha, na ndiyo maana wanasiasa hutukanana kwalo. Mdoli ni mkopo wa Kiingereza uliozoeleka madukani. Linabaki mwanasesere, jina ambalo limembeba mwana ndani yake.

Waundaji wa Marekani walikumbana na tatizo la jina mwaka 1964. Kampuni ya Hasbro ilipomtoa askari wake G.I. Joe, ilihofia kwamba wavulana wasingekubali kucheza na kitu kiitwacho mdoli, ikabuni jina jipya lililosisitiza vitendo. Kitu kilikuwa kilekile. Kiswahili hakina haja ya kuingiwa na hofu hiyo. Jina litakalotumika hapa ni mwanasesere wa viungo, kwa kuwa kinachomtofautisha na sanamu ni bega, kiwiko, nyonga na goti vinavyokubali kukunjwa na kubaki vilivyokunjwa.

Tangu hapo viwanda vimeunda mashujaa wa vibonzo kwa wingi, na pamoja nao majahili wachache mashuhuri. Jahili wa kipindi kimoja haundwi, kwa sababu hauziki. Ndipo ilipozuka desturi ya wapenzi wa vibonzo kujiundia wenyewe. Hununua wanasesere wawili watatu wa bei nafuu, wakawakatakata, wakaunganisha kichwa cha huyu na kiwiliwili cha yule, wakajazia mapengo kwa udongo wa kisanii, wakasugua kwa msasa na kupaka rangi. Kinachovutia katika desturi hiyo si ustadi wa mikono pekee, bali ukali wa usomaji wake. Mwundaji wa namna hiyo hutazama kipindi kimoja mara nyingi ili ajue kama glavu ya jahili ina vidole vinne au vitano. Wahakiki wachache husoma matini kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Majahili watatu

Afrika Mashariki ina vibonzo vyake. Super Sema, mfululizo uliotolewa mwaka 2021 na studio ya Kukua yenye makao Nairobi, na ambao Lupita Nyong'o alishiriki kama mtayarishaji mtendaji, una jahili aitwaye Tobor, mtawala asiye na moyo mwenye jeshi la roboti. Jina lake ni neno la Kiingereza la roboti lililosomwa kinyumenyume. Hata hivyo, kwa madhumuni ya somo hili Tobor hana faida kubwa. Picha imekwisha kuamua kila kitu, na mwundaji hana budi kunakili.

Hali ni tofauti kwa Apul-Apul, zimwi wa ngano za Waluo. Ngano hizo zilisimuliwa usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi aliyelala na watoto na kuwalea kwa hadithi, na sehemu yake imehifadhiwa katika vitabu vya waandishi kama Asenath Bole Odaga wa Kisumu. Apul-Apul anajulikana kwa matendo yake, hasa ulafi. Sura yake humtegemea fanani. Fanani mmoja humpa manyoya, mwingine humwongezea mdomo, na mtoto anayesikiliza humalizia palipobaki. Mwundaji wa mwanasesere hawezi kumaliza kazi bila kuamua, na mara tu anapoamua, amelitenda lile ambalo fasihi simulizi hukwepa: ameigandisha sura moja ikawa ndiyo sura. Hasara hiyo ni ya kweli na isipuuzwe. Mtoto atakayemwona mwanasesere kwanza na kusikia ngano baadaye hatamuumba Apul-Apul wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo ni afadhali darasa zima liunde mazimwi kumi yanayopingana kuliko kuunda mmoja mzuri.

Jahili wa tatu ndiye mgumu kuliko wote, na ndiye anayestahili kukaliwa kwa muda mrefu. Naye ni dubwana wa ziwani katika hadithi fupi ya Grace Ogot iitwayo The Rain Came, iliyomo katika mkusanyiko Land Without Thunder wa mwaka 1968. Ukame umeikumba nchi. Mganga wa mvua, Ndithi, anatangaza kwamba Oganda, binti pekee wa Mtemi Labong'o, sharti atolewe kwa dubwana wa ziwani ili mvua inyeshe. Wanakijiji wanasherehekea, kwa kuwa ni heshima binti kufa kwa ajili ya watu wake. Oganda anakwenda peke yake kuelekea ziwani. Njiani Osinda, mpenzi wake, anamfikia, anamvika vazi la majani ili wasionekane na macho ya wahenga wala ya dubwana, na wanatoroka pamoja. Mvua inanyesha.

Dubwana haonekani hata mara moja. Hana jicho, hana mkia, hana sauti. Msomaji anayepekua hadithi akitafuta vipimo vyake hutoka mikono mitupu. Karibu kabisa na mahali ambapo dubwana angeweza kujitokeza, Oganda anahisi kitu kinamfuata nyuma, anakimbia, anakamatwa, na anayemkamata ni Osinda. Yaani pale ambapo hofu ya dubwana imefikia kilele, mwandishi ameweka mwili wa binadamu, tena wa mtu anayempenda Oganda.

Waya, udongo na kandambili

Tuseme mwanafunzi amemchagua dubwana huyo. Afanye nini? Kwanza ataunda mifupa. Waya laini ambao mafundi wa ujenzi hufungia nondo unafaa, nao hupatikana kwa urahisi katika soko la Kibuye. Kiungo rahisi ni pete mbili za waya, moja ndani ya nyingine, lakini kiungo cha namna hiyo hulegea na mwanasesere hawezi kusimama. Viwanda hutatua tatizo hilo kwa tufe linalozunguka ndani ya kikombe kinachobana. Badala yake, vipande vya soli ya kandambili iliyochakaa vyaweza kukatwa na kutobolewa, kisha waya ukapitishwa katikati. Mpira huubana waya, na msuguano huo ndio unaoshikilia mkono ulioinuliwa.

Nyama ya mwanasesere ndiyo huwashinda wengi. Mwanafunzi hupaka udongo wa mfinyanzi juu ya mifupa ya waya, akaacha ukauke, na asubuhi hukuta nyufa kutoka shingoni hadi kiunoni. Sababu yake ni kwamba udongo husinyaa unapokauka ilhali waya hausinyai. Dawa ni karatasi iliyorowekwa, ikatwangwa na kuchanganywa na uji wa unga, kwa kuwa nyuzi zake hushikana na uzito wake ni mdogo. Udongo utumike kwa kichwa pekee, kisicho na waya ndani, na viungo vyote viachwe wazi.

Ngozi je? Ziwa lenyewe linajibu. Mabua ya magugu maji, yakishakaushwa vizuri, husukwa, nao mafundi wa Kisumu wameyageuza vikapu na samani. Mafunjo ya Dunga hutoa ganda gumu. Magamba ya mbuta ni makubwa na hushika rangi. Lakini hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuingilia kati na kuuliza: magamba yametoka wapi katika matini? Jibu la kweli ni kwamba hayakutoka kwenye matini. Yametoka kwenye kumbukumbu ya mwanafunzi, kwenye filamu alizotazama, labda kwenye masimulizi ya Lukwata yanayosikika upande wa Uganda. Mwanafunzi mwingine aweza kutoa hoja yenye nguvu zaidi. Kwa kuwa hadithi inahusu ukame, dubwana afanane na kamongo, samaki mwenye mapafu anayeweza kujizika katika tope maji yanapokauka na kungoja mvua. Hoja hiyo nayo haimo katika matini, ila inakubaliana na mantiki yake, na kutofautisha mambo hayo mawili ni sehemu kubwa ya uhakiki.

Nani aundwe?

Nadharia ya E. M. Forster ya mwaka 1927 iliwagawa wahusika kuwa bapa na duara, na istilahi hizo zimekita mizizi katika uhakiki wa Kiswahili. Dubwana wa Ogot si bapa wala duara. Ni nafasi tupu inayofanya kazi. Kwa ajili yake wazee wanakubaliana, baba anamtoa mwanawe huku moyo ukimuuma, na kijiji kinacheza ngoma. Mvua inaponyesha bila yeye kupata chochote, msomaji analazimika kuuliza iwapo alikuwako tangu awali. Mwundaji aliyekwama kwa sababu hana hata jicho la kuchora amegundua jambo hilo kwa vidole vyake, na huenda asingeligundua kwa kuandika orodha ya sifa.

Yapo majibu kadhaa yanayoweza kutetewa. Mwanafunzi aweza kuunda vazi la majani lisilo na mtu ndani, lenye mabega na viwiko vinavyokunjika. Aweza kuunda dubwana mwenye uso wa Ndithi, au mwenye nyuso nyingi ndogo za wanakijiji, ingawa jibu hili la mwisho lina hatari ya kuwa mahubiri kuliko usomaji. Kinachotakiwa ni kwamba aandike ukurasa mmoja wa utetezi, na kila dai lielekezwe kwenye tukio mahususi la hadithi.

Kwa darasa la uhusika kazi hii yatosha majuma matatu: juma la kusoma na kukusanya ushahidi, juma la kuunda, na juma la kuhojiwa mbele ya wenzake, mwanasesere akiwa mezani. Alama zitolewe kwa utetezi, si kwa urembo wa rangi. Na mhadhiri ajiandae kwa swali ambalo hapana budi litazuka: mwanafunzi akileta mwanasesere wa Labong'o badala ya dubwana, aliyeinamisha kichwa na mikono ikining'inia, je, amekwenda nje ya mada?