Pesa za Karo Haziguswi

Wapendwa wanandoa, nyumba isiyo na mapatano haikai. Wengi wenu mmekubaliana kwamba pesa za karo haziguswi. Ni kanuni njema, na mzazi ambaye mtoto wake amewahi kurudishwa nyumbani anajua sababu yake.

Sasa tuseme ni saa nane za usiku. Kitinda mimba ana homa kali, ameanza kushikwa na degedege. Mama anataka kuchukua pesa za karo wakodi gari la kwenda hospitali. Baba anajibu, "Tulipatanaje? Haziguswi." Hajasema uongo, lakini amekosea: kanuni iliyowekwa kwa siku za kawaida ameitwika usiku usio wa kawaida.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilieleza jambo hili katika Summa Theologiae kwa mfano wa mji uliozingirwa. Sheria yasema malango yafungwe. Mara wanatokea raia wanaoulinda mji huo huo, adui yu nyuma yao. Toma asema malango yafunguliwe, kwa kuwa aliyeitunga sheria alitaka mji uokoke, na kuwafungia nje walinzi wake ni kuuangamiza.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na kwa maoni yangu ndilo linalozivuruga nyumba zaidi, maana huja polepole. Mtoto amepona. Baada ya miezi miwili baba anataka pesa zile zile achangie harusi ya binamu yake. Mama akikataa, anaambiwa, "Mbona usiku ule tulizigusa?" Kutokana na usiku mmoja amejitungia kanuni mpya! Lango lililofunguliwa kwa walinzi halikuachwa wazi kwa kila mpita njia. (Ndivyo wafanyavyo pia wale wanaomtazama mke mmoja aliyepata mshahara akamdharau mumewe, kisha wakawahukumu wanawake wote waajiriwa.)

Basi mnapobishana, ulizaneni kwanza: tuliiweka kanuni hii kwa ajili ya nini? Karo hulindwa kwa ajili ya mtoto. Hospitali nayo ni kwa ajili ya mtoto. Harusi ya binamu, hata iwe ya heshima namna gani, siyo.

Toma anaongeza neno ambalo wengi hulisahau. Hatari ikiwa ya ghafula, haja yenyewe ni ruhusa. Ikiwa kuna nafasi, aulizwe mwenye mamlaka. Na mapatano ya nyumbani mamlaka yake ni ninyi wawili. Kwa hiyo mama aliye peke yake na mtoto mgonjwa achukue pesa, kisha amweleze mumewe mara wanapoonana, kabla hajaikuta bahasha imepungua, nao wapange namna ya kuzirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Harusi hutangazwa mapema. Hiyo ina nafasi ya kuketi na kuzungumza, na jibu la pamoja laweza kuwa shilingi chache kutoka mfuko mwingine, au hapana.