Orodha ya Majina Ndani ya Kompyuta: Tunavyotunza Kumbukumbu katika Lugha ya C

Orodha ya majina ikiharibika, mtu hupotea: aliyetoa haonekani, na aliyestahili kupewa hapewi. Mara nyingine kosa si la karani bali la programu. Katika somo hili tunaangalia lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Katika C, anayeandika programu ndiye huomba nafasi ya kumbukumbu, na ndiye huirudisha. Kila herufi yetu huchukua baiti 1, na mwisho wa jina huwekwa baiti 1 ya sifuri kuonyesha kuwa limekwisha. Hivyo jina "Neema" lina herufi 5 lakini linahitaji baiti 6.

Njia ya kwanza: vyumba vya ukubwa mmoja
Majina 200 ya baiti 20 kila moja ni baiti 4,000. Ni rahisi, lakini "Neema" huacha baiti 14 bure, na jina refu mno lisipopimwa humwagikia chumba cha jirani na kuharibu jina lililomo. Mwaka 1988 programu ya Robert Morris iliingia katika maelfu ya kompyuta, ikitumia, pamoja na njia nyingine, amri ya gets isiyopima urefu wa maneno. Amri hiyo iliondolewa katika kanuni za C mwaka 2011.

Njia ya pili: orodha ya anwani
1. Tunaomba, kwa amri ya malloc, nafasi ya anwani 200. Kwenye kompyuta ya biti 64 kila anwani ni baiti 8, jumla 1,600.
2. Kwa kila jina tunapima urefu, tunaongeza 1, tunaomba nafasi, tunanakili jina, kisha tunaandika anwani yake katika orodha.
3. Kila tunapoomba, tunahakikisha tumepewa.
4. Kazi ikiisha, tunarudisha kwa amri ya free kila jina mara moja tu, na orodha mwishoni. Tukianza na orodha, anwani hupotea, na nafasi za majina hubaki zimeshikwa hadi programu ifungwe.

Maswali ya kujadili
1. Jina "Elifuraha" linahitaji baiti ngapi?
2. Mtaalamu akiwaletea programu, mwulizeni: likiingizwa jina refu kuliko kawaida, hutokea nini? Ombeni awaonyeshe kabla ya kulipa.