SOMO LETU: "Ametutoka" Maana Yake Nini?



Wahudumu wa ambulensi hufundishwa kuzuia damu na kumbeba aliyevunjika mgongo. Lakini kuna kazi moja ambayo wengi huachiwa waifanye bila kufundishwa: kumwambia mama kwamba mtoto wake amefariki.

Sisi tunaokaa na jamaa waliofiwa tumeyaona matokeo. Mama mmoja aliambiwa na mhudumu, "Mama, kijana ametutoka." Yeye akaelewa kwamba ametoka pale, amepelekwa hospitali nyingine. Akabeba blanketi na chupa ya uji, akapanda matatu, akazunguka wodi baada ya wodi mpaka jioni. Kumbe kijana alikuwa mochari tangu asubuhi! Mhudumu yule hakuwa mtu mbaya. Alimwonea mama huruma, akatafuta neno laini. Neno hilo ndilo lililomwumiza mama mara mbili.

Je, kazi hii inafundishika? Ndiyo. Mwaka 2005 Daktari Cherri Hobgood na wenzake huko North Carolina, Marekani, walichapisha hatua za kufuata. Baadaye walizitumia kuwafundisha wahudumu wa ambulensi. Kwa ufupi ni hizi:

1. Wakusanye jamaa, waketi. Usiseme habari mlangoni.
2. Mwite wa kuwasaidia: jirani, shangazi, kiongozi wa dini.
3. Jitambulishe. Taja jina la mgonjwa, hakikisha hawa ndio jamaa zake, kisha uliza wamesikia nini mpaka sasa.
4. Eleza kwa maneno machache yaliyotokea.
5. Sema neno lenyewe: "Amefariki." Usiseme "ametuacha" wala "hali si nzuri." Kama mzee haelewi, aambiwe waziwazi kwa lugha ya nyumbani.
6. Nyamaza. Hatua hizi kwa Kiingereza huandikwa kama neno moja, na katikati wameacha pengo makusudi. Pengo hilo ni kimya. Mwache mtu alie. Usikimbilie kusema "usilie" au "ni mapenzi ya Mungu."
7. Uliza kama wana maswali. Usilolijua, sema hulijui.
8. Waeleze mambo ya kufanya: mwili uko wapi, wanaweza kuuona lini, na simu na nguo zake ziko kwa nani.
9. Waachie namba ya simu ya mtu watakayemwuliza kesho.

Kusoma orodha peke yake hakutoshi. Watu watatu wafanye igizo: mmoja mhudumu, mmoja baba wa marehemu, mmoja aangalie na kusikiliza. Halafu wabadilishane. Utashangaa jinsi neno "amefariki" linavyokwama kooni mara ya kwanza. Afadhali likwame darasani kuliko mbele ya mama wa watu.

Tusimsahau mhudumu mwenyewe. Akitoka hapo ataitwa kwenye ajali nyingine. Apate mwenzake wa kuzungumza naye kabla ya kwenda kulala.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

(a) Katika lugha yenu, ni maneno gani ya kuficha kifo yanayoweza kumpoteza msikilizaji?
(b) Ulipofiwa, ni nani aliyekuambia, na alisemaje?
(c) Katika kijiji chenu, ni nani angeitwa haraka kukaa na jamaa waliofiwa?