Gari la Kambi na Upande Wake Usio na Fundi

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari la kulala porini, anayelikodi kwa safari ya familia, au anayepanga kulitengeneza: Land Cruiser lenye hema juu ya paa, Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, Coaster iliyogeuzwa nyumba. Marekani na Ulaya magari ya namna hii hutoka kiwandani yakiwa kamili, na mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana umejulikana kwa miaka mingi kuwa kitovu cha utengenezaji wake. Kwetu Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Gari huja likiwa gari tu, kisha karakana ya Arusha, Nairobi au Dar es Salaam hulikata, hulirefusha, hulifungia friji, tangi la maji, betri ya pili, paneli ya sola na jiko la gesi. Kazi hiyo mara nyingi ni nzuri, na mafundi wa Arusha hasa wana ustadi wa magari ya utalii unaostahili heshima. Lakini gari likishatoka getini, linabaki na upande usio na mwenyewe. Injini ina fundi kila mji. Nyaya za betri ya pili na mpira wa gesi havina mtu. Fundi wa injini huvipita kwa kuwa si kazi yake, fundi wa friji za majumbani amezoea umeme wa volti 230, na muuza gesi huduma yake huishia kwenye mtungi. Kwa hiyo hoja ya kijitabu hiki ni moja: upande wa nyumba wa gari la kambi ni lazima ukaguliwe na mwenye gari kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu asipoukagua yeye hakuna mwingine atakayeukagua, na ndiko yaliko mambo mawili yanayoua watu wakiwa wamelala, yaani moto na hewa yenye sumu.

Tuanze na umeme, maana huko ndiko pesa nyingi zinakopotea bure. Malalamiko yanayosikika sana ni ya friji kuzima usiku wa manane. Asubuhi nyama imelainika na hukumu imeshatolewa: betri imekufa. Inanunuliwa betri mpya, na safari inayofuata friji inazima vilevile. Hebu tupige hesabu. Friji ndogo ya volti 12 huvuta takriban ampia 4 kompresa yake inapofanya kazi. Kama kutoka kwenye betri hadi kwenye friji ni mita 6, umeme unakwenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 12. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, ambao unatosha kabisa kwa taa, hupoteza takriban volti 0.8 katika njia hiyo. Betri ya risasi na asidi iliyobaki na nusu ya chaji huwa na volti 12.2 hivi. Ukitoa 0.8, friji inapokea 11.4, na friji nyingi zimepangwa kujizima volti zikishuka karibu na kiwango hicho ili kulinda betri. Friji haina ugonjwa, na betri bado ina nusu ya akiba yake. Badilisha waya uwe wa milimita 4 za mraba na upotevu unashuka hadi volti 0.2. Betri imelaumiwa kwa kosa la waya.

Kujua ukweli huo hakuhitaji cheti. Kunahitaji mita ya umeme, ile ndogo ya kidijitali inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Friji ikiwa inafanya kazi, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pima kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi volti 0.4 hivi, fuata waya kwa mkono kiungo baada ya kiungo. Kiungo kibovu hujitangaza chenyewe: huwa cha moto kuliko wenzake, au kina ukungu wa kijani na mweupe, au kinacheza ukikigusa. Barabara za vumbi zenye mikunjo midogo midogo hutikisa gari kwa saa nyingi mfululizo, na mtikisiko huo hulegeza nati ya kichwa cha betri hata ikiwa fundi aliikaza vizuri. Ukitaka kuikaza au kuisafisha, fungua kwanza waya wa hasi na uurudishe wa mwisho. Sababu yake ni nyepesi. Bodi ya gari imeunganishwa na hasi, kwa hiyo spana iliyo kwenye kichwa cha chanya ikigusa bodi inapiga shoti, na shoti ya betri inaweza kuunguza mkono au kuwasha hewa ya haidrojeni ambayo betri huitoa inapochajiwa. Kwa sababu ya hewa hiyohiyo, betri inayowekwa ndani ya chumba cha kulala iwe ya aina iliyofungwa, au iwe ndani ya sanduku lenye bomba la kutolea hewa nje.

Fyuzi nayo haieleweki ipasavyo. Wengi hudhani ipo kulinda friji au taa. Kazi yake ni kulinda waya, ndiyo maana mahali pake ni karibu kabisa na chanya ya betri, kabla waya haujaanza safari yake chini ya zulia na nyuma ya mbao. Fyuzi ya ampia 15 inapoungua mara kwa mara, kuweka ya 30 au kuifungia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hakuondoi tatizo. Kunaliachia lijionyeshe kwa njia nyingine, na njia hiyo ni waya wenyewe kugeuka fyuzi, ukiwa umepita chini ya godoro. Fyuzi iliyoungua mara mbili huenda inakuambia kuna waya uliochunika ukagusa chuma, na mara nyingi utaukuta pale unapopita kwenye tundu la bodi ambalo halikuwekewa raba. Tafuta hapo kwanza.

Gesi inataka uangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake halitoi nafasi ya pili. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Maana yake ni kwamba gesi inayovuja ndani ya gari haipandi kutoka dirishani. Inashuka sakafuni na kutulia, ikijaza mabonde ya bodi na sanduku la chini ya kitanda, na ikifika karibu asilimia 2 ya hewa ya mahali hapo inaweza kuwaka kwa cheche ya swichi. Ndiyo sababu sanduku la mtungi linahitaji tundu la chini linalotoka nje ya gari, na tundu hilo lisizibwe kwa kuogopa vumbi. Dirisha lililo wazi juu halisaidii kitu. Watengenezaji wa Marekani wanaofuata kanuni za NFPA 1192 hutakiwa kufunga vitambuzi vya gesi, vya kaboni monoksidi na vya moshi ndani ya magari haya. Magari yetu yanayogeuzwa karakanani mara nyingi hayana hata kimoja, na mwenye gari ndiye anayepaswa kuvidai au kuvinunua mwenyewe. Kitambuzi cha gesi hufungwa karibu na sakafu. Kikifungwa darini, kitakuwa cha mwisho kujua.

Ukaguzi wa gesi una hatua chache na mwenye gari aziweze zote. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda usicheze. Ukilala, gesi ya maji huingia kwenye regulata badala ya mvuke, na moto wa jiko hupanda ghafla. Mpira ukunje kwa vidole karibu na vibano vyake: ukiona nyufa, hata zile nyembamba kama nywele, mpira huo umekwisha kazi. Soma pia tarehe iliyochapwa juu yake, kwa kuwa raba huzeeka kwa jua na joto hata isipotumika. Kisha fungua mtungi huku vichomeo vya jiko vikiwa vimefungwa, na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi inavuja hapo. Usipime kwa kiberiti, hata mara moja, hata kama uko nje. Mpira na vibano unaweza kubadilisha mwenyewe. Regulata usiifungue ndani wala usiitengeneze: ikivuja, itupe ununue nyingine. Bomba la shaba lililofungwa kwenye bodi ni kazi ya fundi wa gesi aliyefunzwa, na hapo mkono wa mwenye gari ukome. Gari linapotembea, mtungi uwe umefungwa kwenye valvu yake yenyewe. Kuzima jiko peke yake hakutoshi.

Hatari ya pili ya moto haina harufu. Ukingoni mwa Ngorongoro watu hupiga kambi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, na usiku wa Julai baridi yake humtafuna mtu aliyetoka pwani. Hapo ndipo linapokuja wazo la kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari au hemani kwa dakika chache tu. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Kichwa huuma, moyo huchafuka, usingizi huwa mzito, na dalili hizo ni rahisi kuzichukulia kuwa uchovu wa njia, malaria au athari ya mwinuko. Jiko la gesi nalo hutoa hewa hiyo likiungua vibaya, na ishara yake ni mwali wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria badala ya mwali wa bluu. Hakuna jiko la kupashia joto mahali pa kulala. Chukueni mablanketi.

Kuhusu tairi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hizo zina mafundi kila kona, ila nyumba iliyo juu ya gari inabadilisha hesabu yake. Lita 100 za maji ni kilo 100, hema la juu ni makumi kadhaa ya kilo, na friji, betri na mtungi vinafuata. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, gari likiwa limepakiwa, kwa kipimo chako na siyo kwa teke. Tairi lenye upepo pungufu chini ya mzigo hujipinda kupita kiasi, hupata joto ndani na hupasuka likiwa mwendoni. Tazama pia namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la akiba linaloning'inia nyuma juani huzeeka pamoja na mengine, ingawa vijino vyake bado ni vipya. Na baada ya kubadilisha gurudumu, simama baada ya kilomita 50 hadi 100 ukaze nati upya.

Wapo watakaosema kwamba fundi kwetu ni nafuu na yuko karibu, kwa nini mtu ajichafue mikono? Kwa injini, hoja hiyo ina nguvu mjini. Lakini kutoka Iringa mjini hadi Msembe ndani ya Hifadhi ya Ruaha ni zaidi ya kilomita 100, na gari la kambi limetengenezwa hasa kwa ajili ya kwenda mahali kama hapo. Tena fundi huitwa kitu kikishaharibika. Mpira wa gesi wenye ufa bado unapika chakula vizuri, na kiungo kilicholegea bado kinawasha taa, kwa hiyo hakuna atakayemwita fundi. Ni jicho la mwenye mali tu linaloviona kabla. Kukagua pia hakumnyang'anyi fundi riziki, kwani mwenye gari anayejua kwamba volti 0.8 zinapotea kati ya betri na friji humpa fundi kazi halisi, na hulipia tiba ya ugonjwa uliopo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba asiyejua anaweza kuharibu au kujiumiza. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeutaja mpaka kila mara. Kuangalia, kupima, kukaza, kusafisha, kubadilisha mpira wa gesi, fyuzi na waya wa volti 12 ni kazi ya mwenye gari. Breki, usukani, mabomba ya gesi yaliyofungwa, inverta na chochote chenye volti 230 ni kazi ya waliosomea. Anayeufahamu mpaka huo yuko salama kuliko wawili: anayegusa kila kitu na asiyegusa chochote. Wengine watasema wamesafiri miaka yote bila kukagua lolote na hawakupatwa na baya. Betri inayoshushwa chini ya nusu kila safari haifi siku hiyo. Sahani zake hujijengea ganda gumu la salfeti kidogo kidogo, na mpira wa gesi hukauka hivyo hivyo, bila kumwambia mtu. Miaka iliyopita salama ndiyo hiyo hiyo iliyovizeesha.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari, anza na siku ya kulipokea. Kabla hujalipa fedha ya mwisho karakanani, dai mchoro wa nyaya na wa gesi ulioandikwa kwa kalamu: betri iko wapi, fyuzi zipi na za ampia ngapi, waya wa unene gani unakwenda wapi, mpira wa gesi ulitengenezwa mwaka gani. Ubandike ndani ya mlango wa nyuma. Unayelikodi nawe uombe kuuona kabla hujaweka sahihi. Fundi asiyeweza kuuchora hajui alichokifunga, na gari hilo usilichukue.