Mali, Masurufu na Watoto: Haki za Wanaoachana mbele ya Kadhi

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani tumezoea kuisoma milango ya tohara, sala na saumu tukaijua barabara, na hilo ni jambo jema. Lakini mlango wa talaka twaungojea mpaka siku ile mtu aingie mwenyewe, naye ana hasira, na mwenzake ana hasira, na jamaa wa pande mbili wamekwisha gawanyika. Siku hiyo si siku ya kusoma. Kwa hivyo tumeona darsa yetu ya safari hii iwe juu ya mambo matatu ambayo hugombewa kila ndoa inapovunjika: mali ni ya nani, masurufu ni juu ya nani, na watoto wakae kwa nani.

Kwanza yatupasa kuijua mahakama yenyewe. Mahakama ya kadhi ilikuwako pwani hii katika zama za utawala wa Sultani wa Zanzibar, ikawekewa dhamana katika mapatano ya mwaka 1963 kabla ya Kenya kupata uhuru, na leo imesimama katika Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 169 na ya 170. Kazi yake ni kuhukumu kwa sharia ya Kiislamu katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti wenye shauri wote wawe Waislamu na wakubali kuhukumiwa hapo. Asiyeridhika na hukumu hukata rufani katika Mahakama Kuu, na huko jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili wa kumshauri.

Haki za mke aliyeachwa

Wengi hudhani kuwa mwanamke akishaachwa hana lake ila nguo zake na njia ya kurudi kwao. Dhana hii ni mila, wala si dini.

La kwanza ni mahari. Mahari ni mali ya mke tangu siku ya ndoa. Ikiwa yote au baadhi yake yalibaki katika dhima ya mume, ni deni kama madeni mengine, na talaka hailifuti. Suratun Nisaa, aya ya 20, yamkataza mume kumnyang'anya mkewe alichompa, hata kama alimpa mali nyingi mno. Mke aliyejivua kwa khului ana hukumu yake mbali, kwani yeye mwenyewe ameridhia kutoa badali.

La pili ni nyumba ya eda. Suratut Talaq, aya ya 1, yakataza wanawake kutolewa majumbani mwao katika muda wa eda, ila wakifanya uovu ulio wazi. Basi mume anayetoa talaka usiku, na asubuhi akalitoa sanduku la mke barazani, ameasi amri iliyo wazi, ijapokuwa talaka yake imepita.

La tatu ni masurufu ya eda. Katika madhhabu yetu ya Imamu Shafi, mwenye talaka rejea hupata chakula, nguo na makazi mpaka eda iishe. Aliyeachwa talaka isiyo na rejea hupata makazi, na akiwa na mimba hupata na masurufu mpaka azae. Na masurufu ambayo mume hakuyatoa ndoa ilipokuwa imesimama, naye mke hakuwa nashiza, hayapotei kwa kupita siku. Ni deni, na mke aweza kulidai mbele ya kadhi.

La nne ni mut'a, yaani kitu cha kumliwaza mke. Jambo hili limeamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 241, na kwa Mashafi ni wajibu kwa mke aliyeingiliwa akaachwa bila ya sababu kutoka kwake. Kiasi chake wakisikilizana wenyewe ni kheri. Wasiposikilizana kadhi hukadiria kwa kutazama hali zao wawili. Twalisisitiza hili kwa sababu ni haki iliyosahauliwa. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa kupika, kufua na kufagia si wajibu wa mke kwa mujibu wa akdi ya ndoa, bali ni ihsani yake. Basi mwanamume aliyeipokea ihsani hiyo miaka ishirini, kisha akamtoa mwenzake mikono mitupu, na atazame amelipa nini.

Mali iliyopatikana katika ndoa

Hapa ndipo penye mashaka makubwa. Asili ya sharia ni kuwa ndoa haichanganyi mali. Suratun Nisaa, aya ya 32, yaeleza kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mshahara wa mke, faida ya biashara yake, dhahabu yake na urithi wake ni vyake, wala mume hana ruhusa ya kuvigusa ila kwa ridhaa yake.

Shida huja pale walipochangia kitu kimoja. Tuseme mume na mke wamejenga nyumba kwa shilingi 2,000,000, na katika hizo mke ametoa 800,000. Hati ya kiwanja ina jina la mume peke yake. Baada ya miaka kumi wanaachana, na nyumba sasa ina thamani ya shilingi 5,000,000. Mke ana haki gani?

Jawabu lategemea zile 800,000 zilitolewa kwa njia gani. Zikiwa ni hiba, yaani alimpa mumewe, naye akazipokea, basi hana kitu. Zikiwa ni deni, atarudishiwa 800,000 zake bila ya kuzidi. Zikiwa ni sharika, yaani waliafikiana nyumba iwe yao wawili kila mtu kwa kadiri alivyotoa, basi yeye ana mafungu mawili katika matano, na haki yake ni 2,000,000. Fedha ni zile zile, na mikono ni ile ile. Lakini neno moja ambalo halikusemwa siku ile latenga baina ya mtu mwenye milioni mbili na mtu asiye na kitu.

Kadhi hahukumu kwa yaliyomo vifuani. Kanuni ni kuwa mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na mwenye kukana huapa. Mke akisema ni sharika, na mume akakana, na hakuna karatasi wala shahidi, kadhi afanye nini? Mara nyingi mwanamke hutoka mahakamani akilalamika kuwa sharia ya Kiislamu imemdhulumu. La, haikumdhulumu. Haki yake ilikuwako, ila hakuiwekea ushahidi.

Ama vyombo vya nyumbani, kama vitanda, makabati na vyombo vya jikoni, wakivigombania na hakuna mwenye ushahidi, kauli ya Imamu Shafi ni kuwa kila mmoja huapa, kisha hugawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu vyote vimo mikononi mwao wawili.

Wako wasemao: "Basi nitakwenda mahakama za serikali, huko nitapewa nusu." Hawa nao yafaa waelezwe. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 3, yasema Muislamu aweza kuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Sheria hiyo katika mgao hutazama mchango wa kila mmoja, na huhesabu pia kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa ni mchango. Lakini nusu kwa nusu si jambo la lazima. Mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa usawa wa mume na mke uliotajwa katika Katiba si maana yake kila mali ikatwe katikati, bali kila mmoja athibitishe alichochangia. Basi ukienda huku utaulizwa ushahidi, na ukienda kule utaulizwa ushahidi.

Watoto

Katika watoto kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa: kulea na kulisha. Mama aweza kuwa ndiye mlezi, na kulisha kukabaki juu ya baba. Suratul Baqara, aya ya 233, imemwekea baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye kwa kadiri ya wema, na ikakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Baba anayesema, "Nileteeni watoto wangu, ama sitoi kitu," amezifunga pamoja haki mbili ambazo Mwenyezi Mungu amezitenga. Kadhalika mama anayemficha mtoto baba asimwone, kwa kuwa masurufu yamechelewa, naye ana makosa.

Imepokewa na Abu Dawud kuwa mwanamke alimshtakia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe amemwacha na sasa ataka kumnyang'anya mtoto. Mtume akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Kwa hivyo mtoto mdogo ni wa kulelewa na mama mpaka apate akili ya kupambanua, na kwa desturi hiyo ni miaka saba. Mama akiolewa na mtu asiye na haki ya ulezi wa mtoto huyo, haki humwendea nyanya mzaa mama. Mtoto akishapambanua, katika madhhabu yetu huchaguzwa baina ya wazazi wake. Mvulana akimchagua mama, hulala kwake, na mchana huwa kwa baba ili amfundishe adabu na kazi. Wala mzazi asiyechaguliwa hazuiwi kumzuru mtoto wake.

Sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Katiba, ibara ya 53, yasema kuwa maslahi ya mtoto ndiyo yatanguliayo katika kila jambo limhusulo, na kuwa baba na mama wana jukumu sawa juu yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Wala si jambo geni kwetu. Wanavyuoni wamemnyima ulezi mzazi fasiki na asiyeaminika kwa sababu hadhana imewekwa kwa ajili ya kumhifadhi mtoto, haikuwekwa iwe silaha ya wakubwa.

Tuandike

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yaamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi. Twaitii tunapokopeshana na jirani, na twaiacha tunapoingia majumbani mwetu, tukiona kuwa kuandikiana mume na mke ni kukosa mapenzi. Aya yenyewe imesema kuwa kuandika ni uadilifu zaidi na kwaondoa shaka. Na shaka ndiyo inayoua mapenzi.

Basi twawausia ndugu zetu, waume kwa wake, mambo haya. Ndoa iandikishwe na cheti kihifadhiwe, na mahari yaliyobaki yatajwe humo. Talaka ikitoka, iandikwe mara moja, na tarehe yake ijulikane, kwani eda na masurufu huhesabiwa kwa tarehe hiyo. Mkichangia kiwanja, nyumba au duka, semeni ni hiba, ni deni au ni sharika, mwandike na mashahidi wawili watie sahihi. Na ikiwa ni sharika, majina yote mawili yaingie katika hati. Risiti za mabati na saruji zisitupwe. Na kabla ya yote, yakitokea magomvi, wapelekwe waamuzi wawili, mmoja kwa jamaa wa mume na mmoja kwa jamaa wa mke, kama ilivyo katika Suratun Nisaa, aya ya 35, kabla ya kumpelekea kadhi nyumba iliyokwisha kubomoka.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutengeneza panapotengenezeka, na kuachana kwa wema pasipotengenezeka. Amin.