Samaki wa Ziwa Dogo: Kijitabu kwa Wavuvi wa Ndoana Kaskazini mwa Wisconsin

Kijitabu hiki ni cha wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Wisconsin na majimbo jirani ya Marekani, hasa waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Victoria, ambao wameuona uvuvi kwao tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo akifikishwa kwenye ziwa la kaskazini kwa mara ya kwanza hushangazwa na udogo wake kuliko hata baridi. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Ziwa Escanaba, lililo katika kaunti ya Vilas na ambalo tutalitaja mara nyingi humu, lina ekari 293, yaani kilomita ya mraba moja na kidogo, na kina chake kirefu kabisa ni mita 8 hivi. Kaskazini mwa Wisconsin yapo maziwa ya ukubwa huo kwa mamia.

Katika ziwa kama hilo samaki wanahesabika, na wapo watu walioajiriwa kuwahesabu. Ndiyo maana tunaweza kumweleza mvuvi mambo ambayo kwenye ziwa kubwa yangebaki kubahatisha. La kwanza ni hili: utakachopata mwaka huu kiliamuliwa kwa sehemu kubwa miaka minne, mitano au sita iliyopita, katika wiki chache za mwezi wa Mei.

Anayetafutwa na wote

Samaki anayewatoa watu majumbani ni wolai, ambaye katika vitabu vya kanuni na mabango ya ziwani huandikwa walleye. Mwili wake ni mrefu, rangi ya dhahabu iliyofifia yenye ukijani mgongoni, na ncha ya chini ya mkia ina doa jeupe. Ana meno makali. Usimtie kidole mdomoni. Nyama yake ni nyeupe, haina shombo kali, na miiba yake hutoka kirahisi.

Macho yake ni makubwa, na ukiyamulika usiku yanang'aa kama ya paka. Yameumbwa kuona penye mwanga hafifu, kwa hiyo wolai hula jua likizama, usiku, alfajiri, na mchana wa mawingu au wa mawimbi. Waliozoea kuvua dagaa kwa karabai wazingatie tofauti hii: wolai hukwepa mwanga mkali, hakimbilii taa. Mvuvi anayefika saa nne asubuhi, jua kali na maji yametulia kimya, akaondoka saa nane mikono mitupu, hana sababu ya kulilaumu ziwa.

Pamoja naye wapo pechi wa manjano, mdogo mwenye mistari ya kushuka ubavuni, ambaye ni chakula cha wolai na pia kitoweo kizuri. Paiki, mrefu mwenye mdomo bapa. Maski, jamaa wa paiki anayeweza kuzidi urefu wa mita moja. Na besi wa aina mbili, wa mdomo mdogo na wa mdomo mkubwa. Ukitaka kuwapeleka watoto wakavue, anza na pechi. Huuma ndoana mchana, huenda kwa makundi, na mtoto hachoki kusubiri.

Rika moja hubeba ziwa zima

Barafu huondoka ziwani mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Maji yakifika nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, wolai wakubwa husogea usiku kwenye fukwe za changarawe, mahali ambapo maji mara nyingi hayafiki hata kiunoni. Hawajengi kiota na hawalindi mayai. Jike wa kilo 2 anaweza kumwaga mayai laki moja. Yanazama katikati ya vijiwe, na wazazi wanaondoka. Vifaranga hutoka baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea joto la maji, na hapo ndipo wengi hufa. Upepo mkali huwasukuma, baridi ikirudi ghafla chakula chao kidogo kidogo huchelewa kuzaliana, na samaki wengine huwala.

Matokeo yake ni kwamba uzazi wa wolai hauendi kwa wastani. Hesabu za Escanaba tangu miaka ya 1950 zinaonyesha mwaka mmoja vifaranga wakijaa ziwa, na mwaka unaofuata wasionekane karibu kabisa, ilhali wazazi ni walewale. Watafiti waliozichambua waligundua kwamba joto la Mei likiwa tulivu vifaranga hupona zaidi, likiyumbayumba hupungua. Wingi wa pechi nao unahusika, na pia wingi wa wolai wakubwa wenyewe: wakizidi sana, vifaranga wanaopona hawaongezeki, bali hushuka.

Kwa mvuvi maana yake ni hii. Rika zuri likizaliwa, miaka miwili ya kwanza hutaliona. Kuanzia mwaka wa tatu utaanza kunasa wolai wengi wafupi wa kurudisha majini, na bandarini utasikia watu wakilalamika kwamba samaki wote wamekuwa vitoto. Mtaalamu akisikia malalamiko hayo hufurahi. Wolai wa kaskazini huchukua kwa kawaida miaka 4 hadi 6 kufikia sentimita 38, urefu wa kuitwa kitoweo. Basi rika lile litawalisha wavuvi kwa misimu kadhaa mfululizo. Kinyume chake, ziwa lenye wolai wakubwa watupu, wa kupiga nao picha, bila wadogo nyuma yao, ni ziwa lenye matatizo ambayo picha hazionyeshi.

Wanavyohesabiwa

Mara barafu inapoondoka, watu wa Idara ya Maliasili ya Wisconsin hutega nyavu za mfuko kando ya fukwe za changarawe. Samaki huingia wakiwa hai. Kila mmoja hupimwa urefu, huangaliwa kama ni dume au jike, kisha hukatwa kipande kidogo cha pezi na kuachiliwa. Siku chache baadaye mashua yenye taa na jenereta hupita usiku ufukweni ikipitisha umeme majini. Samaki hulewa kwa sekunde kadhaa, huchotwa kwa wavu wa mkono, huangaliwa pezi, na kurudishwa.

Hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. Tuseme waliwekewa alama samaki 400. Mashua ya usiku ikachota 200, na kati yao 50 wakawa na alama. Robo ya waliochotwa wana alama. Basi wale 400 ni kama robo ya wote, na ziwa lina wolai wakubwa wapatao 1,600. Hesabu hii haifai iwapo samaki wenye alama wamejikusanya upande mmoja, ndiyo maana mashua huzunguka ufuko wote, si pale penye samaki tu.

Msimu wa majani kupukutika mashua hurudi, safari hii kuwatafuta vifaranga waliozaliwa Mei. Idadi yao kwa kila maili ya ufuko ndiyo dalili ya kwanza ya matarajio ya miaka ijayo. Taarifa hizi hutolewa kwa umma, ziwa kwa ziwa. Kabla ya kuchoma petroli ya saa nne kwenda ziwa usilolijua, tafuta taarifa yake usome, au piga simu ofisi ya uvuvi ya eneo hilo uulize: rika kubwa la mwisho lilizaliwa mwaka gani?

Ziwa lililoachwa wazi

Escanaba lina historia yake. Wolai walipandikizwa humo miaka ya 1930, wakazaliana wenyewe. Mwaka 1946 jimbo lililifanya, pamoja na maziwa manne jirani, kuwa mahali pa utafiti, na likaondoa pale kanuni karibu zote: hakuna msimu wa kufunga, hakuna kikomo cha idadi, hakuna urefu wa chini. Sharti lilikuwa moja. Kila mvuvi achukue kibali cha bure kabla ya kuingia, na akitoka aonyeshe alichopata.

Wengi wangetabiri kwamba ziwa lingekwisha. Halikwisha. Zaidi ya miaka 50 wolai waliendelea kuvuliwa humo, na mwaka 2003 tu ndipo ulipowekwa urefu wa chini wa sentimita 71 na samaki mmoja kwa siku, ili ionekane ziwa hilohilo linakuwaje likiachwa karibu bila kuvuliwa. Tunaomba msomaji asichukue habari hii kuwa ruhusa. Escanaba lina changarawe nzuri na wolai wake huzaliana vizuri kuliko wa maziwa mengi. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa maziwa 179 ya kaskazini mwa Wisconsin, wakilinganisha uzito wa wolai wanaovuliwa na uzito unaoongezeka ziwani kila mwaka. Karibu asilimia 40 ya maziwa hayo yalikuwa yakivuliwa kuliko yanavyozalisha, ingawa kwa hesabu za kawaida mengi yalionekana salama.

Fikiria ziwa la ekari 300. Lengo la kawaida la jimbo kwa ziwa ambalo wolai huzaliana wenyewe ni wakubwa 3 kwa ekari. Hao ni 900. Kikomo cha kuvuliwa ni asilimia 35 kwa mwaka, yaani 315, kwa wavuvi wote, majira yote, barafu na maji. Sherehe mbili za harusi za kwetu zingewamaliza.

Wenye chusa

Usiku wa mwishoni mwa Aprili unaweza kuona mashua zenye taa na watu wenye chusa. Hao ni Waojibwe, wenyeji wa nchi hii. Walipoitoa ardhi kwa mikataba ya mwaka 1837 na 1842, walibakiza haki ya kuwinda na kuvua humo, na mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilithibitisha kwamba haki hiyo ingali hai. Miaka iliyofuata watu walijaa bandarini kuwatukana na kuwatupia mawe. Hadi leo utasikia maneno kwamba wao ndio wamemaliza samaki. Si kweli. Kila wolai anayechomwa kwa chusa huhesabiwa palepale bandarini, usiku huohuo, chini ya kiwango kilichopangwa kwa ziwa hilo, na kwa jumla wavuvi wa ndoana huchukua wolai wengi zaidi. Ukiwakuta, wasalimu na uwapishe njia.

Kupandikiza na joto

Swali tunaloulizwa sana: kwa nini serikali isimwage vifaranga tu? Humwaga, na tangu mwaka 2013 imeongeza sana vifaranga wakubwa wanaolelewa hadi wakati wa baridi kukaribia, kwa sababu wadogo sana wengi wao huliwa. Lakini ziwa lililopoteza uzazi wake wa asili huwa tegemezi, na vifaranga hao ni ghali. Maziwa mengi ya kaskazini yamepata joto, na humo vifaranga wa wolai wanapona kwa shida huku besi wa mdomo mkubwa wakiongezeka. Kwenye ziwa la namna hiyo ushauri wetu ni mwepesi: vua besi na pechi, ule.

Usihamishe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine, hata kwa nia njema. Ni kinyume cha sheria, na anayeijua habari ya sangara na furu wa Ziwa Victoria hahitaji maelezo marefu.

Kabla ya kutupa ndoana

Mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe na leseni. Chini ya hapo hahitaji. Kuna wikendi mbili kwa mwaka, moja Januari na moja Juni, ambazo mtu huvua bila leseni, nazo zinafaa kwa anayetaka kujaribu. Msimu wa wolai kaskazini kwa kawaida hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Mei na kufungwa Jumapili ya kwanza ya Machi. Urefu na idadi hutofautiana ziwa hadi ziwa, kwa hiyo soma bango la bandarini kila mara. Samaki hupimwa mdomo umefungwa, hadi ncha ya mkia uliobanwa. Wavu wa kutega hauruhusiwi kwa mvuvi wa ndoana.

Mei tafuta wolai karibu na changarawe jioni. Juni kwenye kingo za majani ya majini. Julai na Agosti kwenye miteremko yenye kina. Usishuke hadi chini kabisa wakati wa joto, kwani katika maziwa mengi maji ya chini huishiwa na hewa. Saa kadhaa kwa wolai mmoja si balaa, ndiyo hali ya kawaida.

Barafu ni somo la peke yake. Barafu safi ya kioo yenye unene wa sentimita 10 huhesabiwa kuwa ya kumbeba mtu anayetembea, lakini barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nusu ya nguvu hiyo, na penye mkondo au chemchemi huwa nyembamba bila dalili. Toboa upime kila baada ya hatua chache, usiende peke yako, vaa jaketi la kuokolea. Gari liache ufukweni.

Mezani

Samaki wa maziwa haya wana zebaki inayotokana zaidi na moshi wa makaa ya mawe, ambayo bakteria wa majini huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka samaki mdogo hadi anayemla. Inakaa ndani ya nyama yenyewe, kwa hiyo kutoa mafuta, kukaanga au kukausha hakuiondoi. Samaki mkubwa na mzee anayo zaidi.

Kwa maziwa mengi ya Wisconsin ushauri ni huu. Wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto walio chini ya miaka 15 wale pechi mara moja kwa wiki, wolai, paiki au besi mara moja kwa mwezi, na maski wasile kabisa. Wanaume na wanawake waliopita umri wa kuzaa wale pechi bila kikomo, wolai mara moja kwa wiki, maski mara moja kwa mwezi. Maziwa machache yana masharti makali zaidi. Mama mjamzito akiwa na hamu ya samaki wa ziwani, mpe pechi mdogo. Mchuzi wa kichwa cha wolai mkubwa umbakie baba au bibi.